Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Programu ya Kuchezea Video na Utunzaji wa Faili za Video Kwenye Kompyuta

Meza yangu ya kutengeneza kompyuta iko Busia, upande wa Uganda, karibu na mpaka. Tangu Julai 2021 bando za intaneti zinatozwa ushuru wa asilimia 12. Kabla ya hapo, kuanzia Julai 2018, kulikuwa na kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Si ajabu watu wanaona afadhali kubeba video kwenye flashi kuliko kuipakua. Flashi hizo ndizo zinazoniletea maswali haya, na nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye skrini.

## Ya kujua kwanza

Programu chaguo-msingi ni nini?

Ni ile inayofunguka yenyewe ukibofya faili mara mbili. Kompyuta haichunguzi video ndipo iamue. Inatazama herufi za mwisho za jina, kama .mp4, .mkv au .avi, kisha inaita programu iliyoandikishwa kwa herufi hizo. Ndiyo maana mashine moja inaweza kufungua .mp4 kwa programu hii na .avi kwa programu ile, na hakuna kilichoharibika.

Video mbili zote ni MP4. Kwa nini moja inacheza na nyingine inakataa?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ukilielewa, nusu ya maswali yaliyobaki utajijibu mwenyewe. MP4 ni jina la sanduku, si jina la kilichomo. Ndani ya sanduku mna picha iliyobanwa kwa njia fulani, sauti iliyobanwa kwa njia nyingine, na pengine maandishi ya tafsiri. Njia hizo za kubana na kubanua huitwa kodeki. Masanduku mawili yanaweza kufanana kwa nje, moja likawa na picha ya H.264 na jingine H.265.

H.264 ilitoka mwaka 2003 na karibu kila kifaa kinaijua, hata simu za zamani. H.265, inayoitwa pia HEVC, ilitoka mwaka 2013. Inabana zaidi, kwa hiyo faili inakuwa ndogo, lakini inadai kazi kubwa zaidi kuibanua. Masanduku nayo yana umri tofauti: AVI ni ya Microsoft ya mwaka 1992, MOV ni ya Apple, na MKV ilianza mwaka 2002. Jina kamili la MKV ni Matroska, lililotokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine. Aliyelipa jina hilo alilitazama sawasawa.

Ukitaka kuona kilichomo, fungua video kwa VLC kisha bonyeza Ctrl+J. Dirisha litakuonyesha kodeki ya picha na ya sauti. Mimi huanzia hapo kila mteja anaponiambia "video imekataa".

Nikibadilisha jina, .mkv iwe .mp4, si itakuwa MP4?

Hapana. Umebadilisha kibandiko tu, sanduku ni lilelile. VLC itaicheza kwa sababu inachungulia ndani, lakini televisheni inaweza kukataa kabisa. Namna ya kuihamisha kweli iko chini, kwenye swali la kugeuza faili.

Niweke programu gani?

VLC. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa, na tangu mwaka 2001 msimbo wake uko wazi. Ni ya bure, haina matangazo, na inakuja na kodeki zake yenyewe, kwa hiyo huhitaji kutafuta furushi la kodeki pembeni. Ipakue kutoka videolan.org pekee, zipo tovuti nyingine zinazoipakia pamoja na takataka. Faili ya kuiweka ina MB arobaini na kitu. Ukishaipakua mara moja, itunze kwenye flashi na umpe jirani. Leseni yake inaruhusu, na utakuwa umemwokolea bando.

Programu inayokuja na Windows inatosha kwa video za kawaida. Nami sikatai: kama yako haijawahi kukataa faili, endelea nayo.

## Kuweka chaguo-msingi

Naifanyaje VLC ifungue video zangu zote kwenye Windows 10 au 11?

Njia ya haraka ni ileile kwenye zote mbili. Bofya video kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda "Open with", kisha "Choose another app". Chagua VLC. Kwenye Windows 10, kabla ya kubonyeza OK, weka alama kwenye kisanduku cha "Always use this app". Kwenye Windows 11 bonyeza "Always", si "Just once". Hapo ndipo wengi wanapokosea, halafu kesho wananiambia kompyuta imesahau.

Ukitaka kupitia mipangilio kwenye Windows 10, fuata Settings, Apps, Default apps, kisha bofya jina lililo chini ya "Video player" uweke VLC. Kwenye Windows 11 njia ni hiyohiyo hadi Default apps, lakini huko hakuna "Video player" moja kwa zote. Unaandika .mp4 kwenye kisanduku cha juu, unabofya programu inayotokea, unachagua VLC, unathibitisha. Kisha unarudia kwa .mkv, .avi, .mov, .3gp na nyingine unazotumia. Inachosha, lakini ni kazi ya mara moja.

Nimefanya hivyo, mbona .mkv bado inafunguka kwingine?

Kwa sababu uliweka .mp4 peke yake. Kila aina ya herufi za mwisho inaandikishwa kivyake. Tazama jibu lililotangulia.

Mashine yangu ni ya zamani, Windows 7.

Fungua Control Panel, Default Programs, "Set your default programs", chagua VLC, kisha "Set this program as default". Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 2025. Video zitaendelea kucheza, ila kuwa mwangalifu zaidi na flashi za watu.

Na Mac? Na Ubuntu?

Kwenye Mac, bofya video mara moja, bonyeza Command+I, tafuta "Open with", chagua programu, halafu bonyeza "Change All". Usipobonyeza hiyo ya mwisho, umebadilisha faili moja tu. Kwenye Ubuntu, ingia Settings utafute "Default Applications", sehemu ya Video.

Kwa nini Windows inarudisha programu yake baada ya mimi kuchagua?

Mara nyingi hutokea baada ya sasisho kubwa, au programu nyingine inapojaribu kujiandikisha kwa mlango wa nyuma. Windows ikiona uandikishaji hauko sawa, inaufuta na kurudisha wa kwake, na pengine inakupa taarifa kwamba chaguo limewekwa upya. Weka tena kama mwanzo. Ikirudia kila wiki, angalia programu za "kusafisha kompyuta" ulizoweka. Zitoe. Sijawahi kuona faida yake.

Nimekosea, sasa hati zangu za PDF zinafunguka na VLC!

Hati ni nzima, usifute kitu. Ulipoweka "Always" ulikuwa umebofya PDF badala ya video. Rudia hatua zilezile juu ya faili ya PDF, safari hii uchague programu ya kusomea PDF.

## Picha, sauti na maandishi

Nasikia sauti lakini skrini ni nyeusi.

Karibu kila mara ni H.265 ndani ya programu isiyoijua. Programu ya Windows huomba uongeze "HEVC Video Extensions", inayouzwa kwa chini kidogo ya dola moja na kudai kadi ya benki. VLC inaicheza bila malipo. Kama picha ni nyeusi hata ndani ya VLC, nenda Tools, Preferences, Input / Codecs, kwenye "Hardware-accelerated decoding" weka Disable, uifunge na kuifungua upya.

Video hizi hutoka sana kwenye iPhone, ambazo tangu iOS 11 ya mwaka 2017 zinaweza kurekodi kwa HEVC. Mwenye simu aingie Settings, Camera, Formats, achague "Most Compatible". Zitakazorekodiwa kuanzia hapo zitakuwa H.264. Zilizotangulia hazibadiliki.

Picha ipo, sauti hakuna.

Kwenye VLC bonyeza herufi B, inapita kwenye njia za sauti zilizomo. Pengine ilikuwa imezimwa. Kama VLC inasikika lakini televisheni iko kimya, sauti huenda ni DTS, kodeki ya sauti ambayo televisheni nyingi haziichezi. Dawa ni kuigeuza sauti iwe AAC, kodeki ya sauti inayokubaliwa karibu kila mahali, kama inavyoelezwa kwenye swali la kugeuza faili.

Video inakwamakwama, sauti inatangulia.

Kwanza inakili kutoka kwenye flashi hadi kwenye kompyuta, kisha ujaribu tena. Flashi ya polepole inalaumiwa mara chache kuliko inavyostahili. Ikiendelea kukwama, tazama kodeki kwa Ctrl+J. Vichakato vya Intel vilianza kuwa na kifaa kamili cha kubanua H.265 ndani yake kwenye kizazi cha 6, cha mwaka 2015, na H.265 ya biti 10 kwenye kizazi cha 7. Laptopu ya kabla ya hapo inafanya kazi yote kwa kichakato, na feni utaisikia ikivuma. Hapo tafuta nakala ya H.264, au igeuze usiku umeme ukiwapo.

Maandishi ya tafsiri nayawekaje?

Faili ya .srt iwe na jina sawasawa na la video, nazo zikae folda moja: safari.mp4 na safari.srt. VLC itayaonyesha yenyewe. Yakitangulia au kuchelewa, bonyeza G au H. Kila mbonyezo unayasogeza kidogo.

Sinema hii imetafsiriwa na VJ. Naweza kuondoa sauti yake nibaki na ya asili?

Naulizwa hili na wageni kutoka ng'ambo ya mpaka, na kinyume chake naulizwa na wenyeji: "Hii haina VJ, nimtoe wapi?" VJ, anayeieleza sinema kwa Kiganda huku inaendelea, alizaliwa kwenye vibanda vya video, akizungumza kwa maikrofoni mbele ya watazamaji. Siku hizi sauti yake hurekodiwa juu ya sauti ya sinema na mbili hizo huchanganywa kuwa njia moja. Bonyeza B: ukikuta njia mbili, una bahati, chagua unayotaka. Ukikuta moja, maziwa yameshaingia kwenye chai. Tafuta nakala isiyotafsiriwa.

Ukumbuke pia kwamba sinema zina wenyewe. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006, na kunakili sinema ya mtu ili uiuze bila ruhusa yake ni kosa.

## Flashi na televisheni

Flashi ina nafasi ya GB 20, mbona inakataa video ya GB 6?

Flashi imefomatiwa kwa FAT32, mojawapo ya namna za kupanga faili kwenye diski (exFAT na NTFS ni nyingine), na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, hata nafasi ikiwa tele. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kuifomati upya kwa exFAT. Hii inafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo nakili vyote pembeni kwanza. Ya pili haifuti: fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri la Windows, kama msimamizi ("Run as administrator") uandike amri hii, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

convert E: /fs:ntfs

Kabla ya kuchagua, jiulize flashi inakwenda wapi. Mac inasoma NTFS lakini haiandiki juu yake, na televisheni za zamani zinaweza kuelewa FAT32 tu. Ikiwa ni kwa televisheni ya namna hiyo, ni afadhali uipunguze video.

Kompyuta inacheza, televisheni inasema haitambui faili.

Lengo lako liwe hili: sanduku la MP4, picha ya H.264, sauti ya AAC. Mchanganyiko huo nimeona ukikubaliwa karibu kila mahali.

Folda zangu zote kwenye flashi zimegeuka njia za mkato za KB 1 au 2.

Ni virusi, na video zako karibu hakika bado zipo, zimefichwa tu. Usibofye hizo njia za mkato, na usiifomati flashi. Ichunguze kwa antivairasi, kisha kwenye Command Prompt andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitarudi kuonekana. Zinakili mahali salama, halafu ndipo uisafishe flashi.

Nitajuaje kama "sinema" niliyopewa ni virusi?

Windows huficha herufi za mwisho, na mhalifu anaitumia nafasi hiyo. Faili iitwayo sinema.mp4.exe itaonekana kama sinema.mp4. Ziwashe: kwenye Windows 10, ndani ya File Explorer, bofya View na uweke alama kwenye "File name extensions", kwenye Windows 11 ni View, Show, halafu hiyohiyo. Ukubwa nao unasema: sinema ya saa mbili yenye KB 300 si sinema. Na video inayokudai uweke "kicheza maalumu" ili uione, iache.

## Harusi, kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kuwatambulisha wakwe) na kumbukumbu

DVD ya harusi niliinakili, mbona inakatika katikati?

Mama mmoja aliniletea laptopu akasema, "Mwanangu, harusi ya binti yangu inakatika palepale anapoingia kanisani." Nilipofungua folda nikakuta faili moja tu, VTS_01_1.VOB, yenye GB 1 kasoro kidogo. DVD ya video hukata picha vipande visivyozidi GB 1: VTS_01_1, VTS_01_2, VTS_01_3 na kuendelea. Aliyemsaidia alinakili kipande cha kwanza akadhani amemaliza. Tulirudi kwenye DVD yenyewe, tukachukua folda nzima ya VIDEO_TS, na bibi harusi akaingia kanisani.

Kwa hiyo nakili VIDEO_TS yote. Kwenye VLC tumia Media, Open Folder. Ukitaka faili moja, fungua folda hiyo kwa HandBrake, programu ya bure. Na usingoje: DVD zinazochomwa nyumbani huharibika kwa mikwaruzo, joto na jua. Windows 10 na 11 hazichezi DVD zenyewe, ila VLC inacheza.

Nageuzaje faili kutoka aina moja kwenda nyingine?

Kuna kazi mbili tofauti, na kuzichanganya kunakupotezea saa nzima.

Kama kodeki ni nzuri na tatizo ni sanduku, kwa mfano MKV yenye H.264 na AAC, unahamisha tu. Programu ya ffmpeg, ambayo pia ni ya bure, inafanya hivyo kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Neno copy linaiambia isiguse picha wala sauti, ibadilishe sanduku peke yake. Inakwisha kwa muda mfupi na ubora haupungui hata chembe.

Kama kodeki yenyewe ndiyo tatizo, lazima video ibanwe upya, na hapo HandBrake inafaa. Chagua "Fast 1080p30", au "Fast 720p30" kwa laptopu na televisheni dhaifu, kisha bonyeza Start. Kwenye sehemu ya Video kuna kipimo cha RF: namba ndogo ni ubora mkubwa na faili nzito. Kubana upya kunapoteza ubora kidogo kila mara, kwa hiyo anza na faili ya asili daima, usianze na nakala iliyokwisha kubanwa.

Nikishageuza, nifute ya asili nipate nafasi?

Nakuomba usifute. Niligeuza kwanjula ya familia moja, nikatazama dakika tano za mwanzo, nikaona safi, nikafuta asili kwa sababu diski ilijaa. Kufikia dakika ya arobaini sauti ilikuwa imeachana na midomo. Mzee anawapokea wakwe zake, na maneno yake yanasikika akiwa ameshaketi. Mpiga picha naye alikuwa hana tena nakala. Sikuwa na la kumwambia yule mzee, na bado namwona sokoni.

Sasa natazama mwanzo, katikati na mwisho, kisha nakaa na asili hadi mwenyewe aitazame yote nyumbani. Kwa nakala za kawaida, unaweza kuhakikisha kwamba faili mbili ni sawa kwa amri hii, ukiiandika kwa kila moja:

certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256

Mistari mirefu ya namba na herufi ikifanana kabisa, nakala ni kamili. Na zikae diski mbili, nyumba mbili ikiwezekana.

Umeme ulikatika kamera ikirekodi. Faili ina GB 3 lakini haifunguki popote.

Usikate tamaa, na usirekodi tena kwenye kadi hiyo. Ndani ya faili ya MP4 kuna orodha inayoonyesha kila picha na sauti imekaa wapi, na kamera nyingi huiandika mwishoni, baada ya kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla, picha zipo lakini orodha haipo, na programu haijui ianzie wapi. VLC haiwezi kulitibu hilo. Hata chaguo lake la "Damaged or incomplete AVI file" ni la AVI peke yake.

Ipo programu ya bure iitwayo untrunc. Inahitaji video nyingine nzima, fupi tu, iliyorekodiwa kwa kamera ileile na mipangilio ileile, ili ijifunze orodha inavyokaa, kisha inaijenga upya kwa ile iliyovunjika. Kwa hiyo nakili kwanza faili mbovu kwenye kompyuta. Kisha weka kadi nyingine kwenye kamera, usiguse mpangilio wowote, na urekodi dakika moja ya chochote kilicho mbele yako.